Kipimo cha Bua

Alikuja kwa baiskeli kutoka Mtanana,
bua la mtama limefungwa ubavuni mwa fremu,
limekatwa juu na chini kwa kisu kikali.
"Mbukwa," akasema. Kisha akanyamaza.

Nachomelea milango, mimi. Madirisha ya nakshi,
mageti ya matajiri wa mahindi hapa Kibaigwa,
vitanda vya bweni, majiko, hata toroli.
Nikadhani anataka kitanda cha mtoto.
"Sanduku," akasema. "Refu kama hili. Jembamba.
Lisiwe na tundu hata la kupitisha njiti ya kiberiti."

Sikuuliza la nini.
Mtu akikileta kitu kwa urefu wake tu, bila jina lake,
fundi anazima mashine.

Chedego akakaa juu ya debe la rangi,
akatoa mfukoni karanga tatu, nyeusi kwa mafuta na masizi,
akazipanga juu ya goti.
"Hizi nimezitoa mdomoni mwake."

Ni ya halali. Karatasi zake ziko polisi, Kongwa.
Ni ya nguruwe pori wanaofukua shamba,
na ya usiku mmoja wa wezi wa ng'ombe, mwaka ule wa njaa.
Inalala kwenye boriti ya tembe, juu,
mkono wa mkewe haufiki.
Juu. Sote ndivyo tunavyosema: iko juu.

Lakini sukari nayo ilikuwa juu.
Na gauni la Krismasi lilikuwa ndani ya begi, ndani ya pipa la uwele,
na mia tano ya kusagia nyuma ya picha ya harusi.
Nyemo ana miaka minne na vyote alishavipata,
kwa ndoo iliyopinduliwa juu ya kigoda
na subira ambayo sisi wakubwa hatunayo tena.

Jumanne Chedego alikwenda kuifuta.
Akaikunja shingo, akaiinamisha.
Ikatangulia risasi.
Zikafuata karanga, kumi na moja.
Alizihesabu. Hajui kwa nini alizihesabu.

Akamwita mtoto, akachuchumaa, akaishusha sauti
mpaka pale sauti ya baba inapoanza kutikisika.
"Namlisha," Nyemo akasema.
"Mdomo wake uko wazi siku zote.
Nilichungulia. Hatafuni."

Nilichungulia.
Neno hilo Chedego alilirudia mara mbili
huku akitazama malori yanavyopishana barabarani.

Nikakata bati nene. Bawaba nikazificha kwa ndani.
Kufuli mbili. Matundu manne ya bolti,
"za kwenye nguzo," nikamwambia, "udongo wa tembe haushiki."
Nikamtengenezea na kisanduku kidogo, hakuniagiza:
"Risasi zikae humu, chumba kingine. Na ufunguo?"
Akapiga mfuko wa suruali.
"Suruali hufuliwa na nani?"
"Mama Nyemo."
"Na nani hukaa karibu na beseni?"

Alicheka, kicheko kifupi kisichokuwa na meno.
Akaivua kamba ya kiatu chake cha kushoto
akaupitisha ufunguo, akauvaa shingoni, chini ya fulana.
Akaondoka na masanduku yake, kiatu kimoja kikimpwaya kwenye pedeli.

Bua alilisahau.
Jioni nikamkuta Masinjisa wangu amelishika,
ncha moja begani, jicho moja amelifumba,
anamlenga jogoo wa jirani.
Kwangu hakuna bunduki. Haijawahi kuwapo.
Miaka mitatu na nusu; hakuna aliyemfundisha kufumba lile jicho.

Nikamnyang'anya. Akalia.
Nikalivunja, nikavunja na vipande,
vikawa vijiti vya urefu wa kidole.
Nikavimwaga mbele yake, kati ya cheche zilizopoa.

Akafuta kamasi, akaanza kuvipanga:
moja, mbili, nne.
Tatu anaisahau kila siku.