Taa ya Chooni

Saa sita. Bweni limezimwa.
Kalunde kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
chini ya balbu pekee wasiyoizima,
daftari la kemia magotini.
Pua imeshazoea.

Nne kati ya mia.
Mwalimu Mihayo hakumchapa.
Alisema tu, "Nne nayo ni namba,"
akamrudishia karatasi kwa mikono miwili
kama ampaye mgeni maji.

Huko stesheni ya Tabora, treni ya Kigoma inapiga honi.
Itapita Urambo, kwao,
mama akiwa bado anachambua tumbaku,
vidole vyeusi kwa utomvu.

Anasawazisha mlinganyo.
Oksijeni imezidi upande wa kulia.
Anafuta, anapuliza, anaandika tena.

Mlango unagongwa:
"Fanya haraka, wewe,
na mimi nina fizikia."