Fungu la Hamsini na Nne

Majora arobaini, asubuhi, Busia,
juu ya meza ya bati inayonguruma ukiigusa.
Amoding amesimama na risiti mkononi
imeandikwa PAMBA kwa herufi za mtu mwenye haraka.
"Pamba tupu, afande."
Mimi si afande. Nimechoka kusahihisha.

Nageuza kitambaa. Mgongo wake umepauka,
rangi imeishia njiani kama mgeni aliyeona mbwa:
basi kimepigwa chapa,
hakikuzamishwa pipani, wala nyuzi hazikuja na rangi zao.
Magurudumu ya baiskeli, manjano juu ya samawati,
kila gurudumu spoku kumi na mbili.
Nimezihesabu,
ingawa hakuna kifungu kinachouliza spoku.

Kisha kioo cha kukuzia.
Mtande unapanda, mshindio unakatiza,
juu, chini, juu, chini, hakuna kitanzi:
ni cha kitanda cha mfumi, si ndugu wa soksi.

Nachomoa uzi. Sikuku anawasha kiberiti
akiukinga moto kwa faili la mwaka jana.
Pamba ikiungua hunuka karatasi,
huacha jivu unaloweza kulipuliza.
Huu ulirudi nyuma kabla moto haujaufikia,
ukajikunyata, ukaacha tone jeusi
gumu kama mbegu ya papai.

"Poliesta," nasema.
Amoding analitazama lile tone
kama mtu aliyeonyeshwa jino lake mwenyewe.
"Aliyeniuzia aliapa kwa mamake."
Fomu haina safu ya viapo.

Lakini bado. Uzi ni mrefu usiokatika,
au ni vipande vilivyosokotwa upya?
Hapo ndipo hamsini na nne inapoagana na hamsini na tano.
Naufumua kwa sindano: unaendelea,
unaendelea, hauna nywele.
Na je, poliesta imefika themanini na tano kwa mia?
Hilo halijibiwi na pua ya Sikuku.
Sampuli ikapanda basi kwenda maabara,
majora yakalala ghalani siku tisa,
Amoding akalala kwa dadake Adungosi
akija kila saa mbili asubuhi kuuliza
kama kitambaa chake kimejulikana ukoo.

Jumapili nilikuwa nyumbani, Nambale.
Sanduku la marehemu mama lina kutu kwenye bawaba.
Ndani, kitenge chake cha sherehe, majani ya kijani,
kile alichonibebea nilipougua surua,
kile tulichokatazwa kukifutia mikono.
"Hii ni pamba ya kweli," alikuwa akisema,
"haipauki, haikunjamani."
Mwanawe amekula mshahara wa forodha miaka kumi na saba
na hakuwahi kuisikia sentensi hiyo vizuri.
Pamba ya kweli hupauka.
Pamba ya kweli hukunjamana.

Nikavuta uzi mmoja kwenye pindo.
Mmoja tu, mahali ambapo panya ameshaanza.
Nerima akauliza kutoka jikoni, harufu gani hiyo?
Nikasema mshumaa.
Tone nililiweka mfukoni, lilikuwa bado na joto,
nikakikunja kitenge kwenye mikunjo yake ileile
ambayo, sasa naona, haijawahi kuacha alama.

Jumatatu maabara ikajibu: tisini na nane kwa mia.
Nikaandika tano, nne, sifuri, saba,
nukta, tano, nne.
Amoding akalipa tofauti, noti baada ya noti,
nyingine zikiwa na harufu ya samaki.
Akakusanya karatasi zake, akasita.
"Hii poliesta yako, inapauka?"
"Haipauki."
"Inakunjamana?"
"Hapana."
"Basi," akasema, akijitwisha jora la kwanza,
"wateja nitawaambia ni pamba ya kweli."

Sikuku alicheka mpaka akakohoa.
Mimi nilitafuta muhuri,
uliokuwa mkononi mwangu.