Nyumba Tupu

Mchungaji Kapalata alivua miwani,
akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.
Jina halikubadilika.
"Mama," akaniambia, "kalamu inaandika,
mkono ndio unaokataa."

Mwanangu alikuwa kifuani, kwenye kanga ya bluu,
siku arobaini na moja, kitovu kimekauka,
hana habari kwamba juu ya utosi wake
watu wazima wanagombea silabi mbili.

Nikasema: Andika. Yu. Da.

Mama mkwe akakohoa
kikohozi kile cha watu wenye adabu.
Tangu wodini Kitete alikuwa ananiletea majina
kama aletaye uji:
Yoshua, ungali wa moto;
Eliya, ameongeza sukari;
mwishowe, umeshapoa, "Basi hata Zakayo.
Mfupi, mdhulumaji, lakini alitubu."

Baba yangu alirina asali misitu ya Ipole.
Alibatizwa ndevu zikiwa na mvi.
Mwalimu wa dini akamwambia, chagua.
Akauliza: lipi halijachukuliwa?
Petro walikuwa tisa, kina Yohana hawahesabiki.
Mwalimu, kwa uchovu au kwa mzaha, sijui,
akafunua kurasa za mwisho,
kijiwaraka cha sura moja, jirani na Ufunuo.
Hapa, akasema, pana nyumba tupu.
Baba akahamia.

Hakujua kusoma. Nani angemwambia
kwamba lugha yetu hii,
yenye neno la mpunga, neno la mchele, neno la wali,
kina Yuda imewapa mlango mmoja:
mwenye kabila, mwenye waraka,
na yule aliyebusu,
wote huitikia hodi ileile.

Aliijua Ijumaa Kuu ilipofika.
Msomaji alitamka, na mabenchi yote yakageuza shingo.
Mwaka ule alitazama viatu vyake.
Mwaka wa pili alitoka, akakaa nje na baiskeli.
Mwaka wa tatu alikuja na sarafu thelathini
kwenye kitambaa kinachonata asali,
akaziangusha katika kikapu cha sadaka,
moja,
moja,
moja,
mpaka mzee wa kanisa akatazama bati.
Akafanya hivyo miaka ishirini na mitatu.
Hakuna aliyemwambia asante, wala acha.

Warina asali walipotafuta mtunza fedha
mmoja akasema, "Mfuko mpeni Yuda!" Wakacheka,
wakampa.
Tulipomzika tulifungua sanduku lake:
fedha yote, na daftari la vistari vya mkaa,
kila kistari debe, kila debe na mwenyewe.
Aliyekuwa anadaiwa ni yeye tu.
Debe moja. Tulililipa.

"Sikatai baba yako," alisema Mchungaji.
"Namwogopea huyu. Shuleni watamwita nani?"
Nikanyamaza, kwa sababu swali lile
nilikuwa nimelala nalo wiki sita,
nikimnyonyesha, nikijiuliza
kama ninampa mtoto jina
au ninamrithisha deni.

Akaandika. Herufi nne, polepole,
kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe.

Njiani Sikonge jirani alituuliza,
"Mjukuu anaitwaje?"
Mama mkwe akarekebisha mbeleko.
"Muulize mama yake."

Lakini usiku, taa imezimwa,
mtoto akilia upande wake wa ukuta,
nilimsikia akilijaribu,
kwa ncha ya ulimi,
kama aonjaye sega akichelea mwiba:
Yuda.
Kimya.
Kisha tena, chini zaidi:
Yuda we. Yuda.