Tumbo Lipi?

Leo nimelipwa kuwa bata bukini.
Kabla ya saa nne nilikuwa pia kondoo kiziwi,
bibi mwenye duka la vifungo,
na radi ndogo inayoogopa giza.
Hapa Torshavn tu wachache, na lugha yetu ni ya wachache,
basi mtu mmoja hugawanywa
kama samaki mmoja kwa wageni kumi.

Studio iko chini ya duka la sufu.
Rannvá ametundika mablanketi kuta zote,
mwangwi ukipotea njia ukaingia, hautoki.
Hunikagua mlangoni kama mtu wa forodha:
saa, vua. Koti linalochakacha, vua.
Funguo, mezani.
Kisha hunikatia nusu tufaha, la kijani, lenye ukali,
maana kinywa kikavu hualika kama kuni mbichi,
na sikio la mtoto huusikia mwaliko huo
kabla halijasikia neno.

Tunasimama upepo ukilipiga paa.
Tunasimama helikopta ikipita na daktari
kuelekea visiwa vya kaskazini.
"Tena," anasema Rannvá nyuma ya kioo.
"Bukini wako ana huzuni ya mtu mzima."

Tena.
Hilo ndilo lililonishinda miaka sita:
kulia kama wa miaka mitano,
anayelia kwa mwili mzima, hadi vidole vya miguu,
halafu anaona kijiko kinametameta
na kilio chote kinasahaulika sakafuni.

Nikarudi nyumbani koo likiwa msasa.
Birita alikuwa ameshapanda kitandani, soksi moja mguuni.
Nikakaa ukingoni, nikafungua kitabu cha mwizi wa soksi,
kile tulichorekodi majira ya baridi yaliyopita.
Nikakohoa kidogo, kama mtu wa kazi.

"Hapana, baba. Namtaka yule mwingine."

Yule mwingine ni mimi.

"Yule haruki kurasa.
Yule hasinzii juu ya mto wangu.
Yule hasemi basi, imetosha,
wakati mwizi bado yuko darini."

Ningejibu nini? Ushahidi wote ulikuwa wa kweli.
Nikabonyeza kitufe, nikazima taa,
nikashindwa na mtu aliyevaa koo langu.

Nikaketi ngazini, viatu mkononi.
Sauti ikapita chini ya mlango, taratibu,
na ilikuwa na subira
ambayo sikumbuki kuwahi kuileta nyumba hii.
Nilimwonea wivu. Niseme ukweli:
nilitafuta kosa lake, kama fundi cherehani
anayepindua gauni la fundi mwenzake.

Mwizi akapanda darini.
Akashika soksi ya kwanza. Akanyamaza.
Pale kitabu kinataka kimya, kimya kirefu,
nami niliwapa kimya,
na ndani ya kimya hicho, mbali,
kitu kikanguruma. Kirefu. Kikaishia na swali.

Tumbo langu.
Asubuhi ile ya Februari sikula;
buti la Birita lilikuwa limepotea,
tukalitafuta hadi uji ukaganda.

Chumbani, kicheko.
Si cha kushtuka. Cha mtu aliyekuwa akikingojea,
aliyeusogeza usiku mzima mbele hadi hapo.
"Baba ana njaa," akaliambia giza,
akageuka upande, na hakuusikia mwisho wa hadithi.
Nadhani hajawahi kuusikia.

Kesho yake nikamuuliza Rannvá,
Rannvá anayefuta hata pumzi ya inzi,
imekuwaje tumbo langu likapita
masikio yake, na mashine zake,
likafika hadi vitandani mwa watoto wa visiwa kumi na vinane.

Hakuinua uso.
"Tumbo lipi?" akasema,
akanisogezea tufaha. Zima.