Mkono wa Kushoto

Ribe, Januari ya 1909. Theluji imeziba kizingiti.
Bi Karelina kaketi kando ya dirisha,
shali ya kijivu, miwani imemshuka puani,
na Asmus, mtoto wa marehemu kaka yake,
anamwambia: tulia, shangazi.

Atulie vipi? Viazi havijamenywa,
paka kapanda mezani,
na huyu kijana aliyeshindwa uhunzi
anamkodolea macho kama mpima jeneza.

Siku tatu alivumilia.
Uso ukakubali rangi: mashavu ya tufaha la mwaka jana,
mdomo uliobana neno
(nadhani neno lenyewe ni “upuuzi”).

Siku ya nne maziwa yakafurika jikoni.
Akainuka, na kitini hakurudi tena.
“Malizia mwenyewe,” alisema.
“Mkono huu unaujua. Ndio uliokulisha.”

Kumbe hakuujua.

Ndiyo maana hadi leo, chini ya shali,
pana ukungu mweupe wenye vidole viwili tu.
Watazamaji husimama, huinamisha shingo,
hunong’ona: masikini, haikuisha.

Mimi nausikia mfuniko
ukiondolewa upesi, kwa ncha ya aproni.