Bei ya Kimya

Duka la magari la Haugesund lina sakafu inayong'aa
hata viatu vyetu vya mvua vikaona haya.
Kijana wa mauzo, Eivind, mwenye soksi za manjano,
alitupokea kwa kahawa katika vikombe vidogo,
ungedhani ni dawa ya kikohozi.

"Hili," alisema, akilipapasa ubavu kama farasi,
"halina injini ya kukusumbua. Sikilizeni."
Tukasikiliza.
Torleiv, mume wangu, akainamisha kichwa upande wa kulia,
upande uliobaki.

Miaka thelathini na mmoja kwenye mtambo wa mafuta,
Bahari ya Kaskazini, wiki mbili kule, nne nyumbani,
keekee ikitafuna mwamba chini ya miguu yake
na kila zamu ikimmega sikio kidogo kidogo,
kama panya na jibini: huoni kitu mpaka uone tundu.
Pensheni ilikuja nono.
Sikio la kushoto halikurudi.
Na leo kijana anataka krona milioni moja na laki mbili
amuuzie kimya
mtu ambaye kimya alishakilipia zamani, taslimu.

Sikusema kitu. Nilikunywa dawa yangu ya kikohozi.

Pembeni lilisimama jingine, jeusi, la petroli, silinda nane.
Eivind alilipita kama mtu anayempita mjomba mlevi arusini;
kodi yake pekee ingeezeka upya paa la nyumba yetu.
Torleiv akaomba liwashwe.
Akaweka kiganja juu ya boneti
na uso wake ukafunguka, taratibu,
kama dirisha lililogandishwa na rangi.
Alikuwa anasikia kwa mkono.
Mtetemo ulimpanda kiwiko, ukafika begani.
"Hili linaongea!" akasema,
kwa sauti kubwa mno, wateja wote wakageuka.

Usiku tulipiga hesabu mezani.
Upande mmoja petroli, kodi, bima.
Upande wa pili umeme, matairi ya barafu,
na zile kilomita ambazo baridi huziiba kila Januari.
Namba zote zilisema umeme.
Kiganja chake kilisema silinda nane.

Nami nikazikumbuka safari zetu ndani ya dizeli yetu kuukuu.
Miaka ishirini nimezungumza na mume wangu kwa kupiga kelele.
Nilimpigia kelele kwamba mama amefariki.
Nilimpigia kelele kwamba nampenda,
ndani ya handaki, karibu na Odda,
naye akajibu: "Ndiyo, nimeona. Taa moja imeungua."

Nikachukua kalamu. Chini ya hesabu zake nikaandika:
Nataka kusema nawe polepole.
Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

Basi, tukalipa.
Kidole gumba kwenye simu, tarakimu sita za siri,
na pesa ya mafuta ikaenda kununua gari lisilotaka mafuta,
bila hata kuaga.
Laki sita zake. Laki sita zangu,
miaka yangu yote ya kukwangua ugaga wa meno ya watu.
Rangi nilichagua mimi: kijivu cha ngozi ya sili.
Eivind alitupa mkono, na mwavuli wa bure,
mwavuli ghali kuliko yote niliyowahi kumiliki.

Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema.
Hili la kulia halijafa. Limechoka tu, kama mimi.

Jumapili ya kwanza tukaelekea Karmøy,
mvua ikija kwa ubavu, mitaa ikitupita kama picha zisizo na sauti.
Mkono wake ulishika usukani kwa mashaka,
ukitafuta ule mtetemo, usiupate.
Tangu Alhamisi nilikuwa nimetayarisha maneno makubwa.
Tulipomaliza daraja yote yalikuwa yamenitoka kichwani.
Nikasema, kwa sauti ninayomwitia paka:
"Punguza mwendo."

Akapunguza.