Ghorofa ya Tisa

Saa tatu usiku nikifika na ndoo,
Bwana Musembi, bado upo.
Unainua miguu nipige deki
macho yakiwa palepale kwenye tarakimu.
"Namalizia tu," waniambia.
Mwezi wa nne huu unamalizia.

Nakujua kwa pipa lako la taka:
maganda ya dawa ya kiungulia,
mkate ulioumwa mara moja ukasahauliwa,
kadi ya shule, siku ya wazazi, Ijumaa saa nane.
Ijumaa ile, mlinzi wa lango anasema,
hukushuka hata kununua maji.

Simu yako hutetemeka, hutambaa mezani,
jina juu yake: Nyumbani.
Hutambaa hadi ukingoni. Huigusi.
Juzi ilianguka. Nikaidaka kwa mkono wa sabuni,
kidole kikateleza, na sauti ndogo ikasema,
"Baba, jino limeng'oka!"
Nikakupa.
"Vizuri, vizuri," ukasema, kalamu ikiendelea.
Baadaye, kwenye karatasi uliyoifinyanga ukaitupa,
katikati ya mamilioni ya watu wengine,
nikakuta umeandika: jino.

Kikombe chako cha mfanyakazi bora
nakipangusa kila Jumatatu.
Hushika vumbi sawa na rafu tupu iliyo kando yake.

Mchumia juani, walisema, hulia kivulini.
Wewe unachumia chini ya taa
isiyojua mchana wala usiku;
sijui kivuli chako kitaanzia wapi.

Usidhani nakuhukumu.
Nami nina wangu Kawangware,
wawili, wamelala, ufunguo chini ya mto.
Nitafika wakivaa soksi za shule,
nitamkuta Nanjala ameshamsuka mdogo wake
mistari iliyopinda, akijifanya mama.
Lakini mimi nikiondoka mapema, hakuna unga.
Wewe ukiondoka mapema, Bwana Musembi,
hakuna nini?
Swali hilo nalisugua na kioo cha dirisha lako,
huku Upper Hill yote ikiwaka
kama nyumba iliyofiwa.

Leo nimezima taa yako.
Kwa bahati mbaya, ningesema, kama ungeuliza.
Hukuuliza.
Nimesimama koridoni na ndoo, nikisikiliza.
Kimya kirefu.
Kisha kiti, polepole,
kikasogea nyuma.